Breki za Ghafla Kati ya Madaraja Mawili

Ofisini walimwita Binti Nukta, na jina lenyewe halikumuudhi, kwa sababu kazi yake ilikuwa nukta. Alikuwa mchambuzi wa takwimu katika kitengo cha usalama barabarani, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani iliyomteleza puani kila alipoinama. Meza yake ilikuwa ya pembeni, karibu na dirisha lisilofunguka. Wenzake walihangaika na lami, zege na taa. Yeye alihangaika na alama ndogo nyekundu kwenye ramani ya kompyuta, na kila alama ilikuwa gari moja lililofunga breki kwa ghafla mahali fulani, siku fulani.

Habari hizo zilitoka kwenye magari yenyewe. Malori mengi, mabasi ya masafa marefu, hata magari madogo ya siku hizi, hubeba kifaa kinachotuma taarifa kwa mtandao: gari liko wapi, linakwenda kasi gani, limefunga breki kwa nguvu kiasi gani, hata kama wakati huo linafuta mvua kiooni. Kampuni inayozikusanya huondoa kwanza namba za magari na majina ya wenyewe, kisha huwapa watu wa barabara. Binti Nukta alipenda kuwaeleza wageni faida yake.

"Zamani," alisema, "tulikuwa tunajenga kitu barabarani, halafu tunakaa kungoja ajali ili tujue kama kimesaidia. Yaani tunangoja watu wafe ndiyo tupate cha kuandika. Sasa tunaziona ajali zilizokosakosa. Dereva hafungi breki kwa nguvu zote bure. Kuna kitu kimemtisha."

Aliyasema hayo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeeleza jinsi ya kuchemsha maji.

Fahari ya kitengo chao ilikuwa ukuta. Barabara kuu ilipita katikati ya makazi. Upande huu nyumba za watu, upande wa pili karakana, maghala, soko na kituo cha mabasi. Miaka nenda miaka rudi watu waliivuka mbio, na barabara iliwala. Hapakuwa na familia isiyokuwa na jirani aliyefia pale. Ndipo ukajengwa ukuta wa zege katikati ya njia mbili, kimo cha kifua cha mtu mzima, na madaraja mawili marefu ya waenda kwa miguu, moja mwanzoni mwa kipande hicho na jingine mwishoni. Tangu siku zege lilipokauka, polisi hawakuandika hata mtu mmoja aliyegongwa akivuka. Tathmini ya kwanza iliandikwa na Binti Nukta mwenyewe kwa takwimu hizo za polisi, na neno "sufuri" lilikolezwa wino.

Nyumbani nako wimbo ulikuwa huo huo. Aliishi na mama yake, mjane, fundi cherehani ambaye chumba chake cha kazi kilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye safu ya vibanda nyuma ya maghala. Mama huyu alikuwa hatoki mlangoni bila futi yake ya kitambaa shingoni; hata msibani aliwahi kwenda nayo, akaja kuitoa akiwa tayari amekaa mkekani. Kila jioni binti alimwuliza, "Mama, umelionaje daraja leo?"

"Zuri, mwanangu. Kule juu kuna upepo wa raha. Unaona mpaka vilimani."

Binti akafurahi, akala, akalala.

Siku moja mkuu wa kitengo, mtu wa tumbo na kicheko kikubwa, akamwita. Wageni kutoka idara nyingine walikuwa njiani kuja kujifunza habari za ukuta, ili na wao wakajenge kwao.

"Sasa hizi takwimu zako za magari," mkuu akasema, "nataka zitie muhuri tu. Polisi wameshasema sufuri. Wewe tuonyeshe breki zimepungua, tuwape chai, waende zao."

"Hilo dogo, mkubwa."

Akaketi kwenye kiti chake cha pembeni akaanza. Alichukua breki za kabla ya ukuta na za baada ya ukuta. Akachukua na barabara nyingine inayofanana na ile lakini isiyo na ukuta, ili asije akadanganywa na msimu wa mvua akadhani ni ukuta. Mwanzoni mambo yalikwenda kama alivyotarajia. Nukta zilizokuwa zimetapakaa barabara nzima zilikuwa zimefutika. Akatabasamu. Kisha akavuta ramani karibu zaidi, na tabasamu likakauka mdomoni.

Nukta hazikuwa zimekwisha. Zilikuwa zimehama. Pale katikati kabisa, mahali palipo mbali na daraja la kwanza na mbali vile vile na la pili, zilikuwa zimesongamana hadi zikafanya doa moja jekundu kama damu kwenye shuka.

Akasugua miwani. Doa likabaki. Akahesabu upya, akidhani amekosea kuchuja, na doa likazidi kuiva.

Akamwita mhandisi aliyechora yale madaraja, kijana mcheshi aliyekaa chumba cha pili, mtu asiyeweza kusikia tatizo bila kulitania kwanza.

"Hilo ni shimo," mhandisi akasema, akitafuna kalamu. "Mvua imekula lami. Madereva wanalikwepa. Au kuna mbuzi ameamua kuhamia pale."

"Shimo halina saa. Tazama. Asubuhi zimejaa, mchana kimya, jioni zimejaa tena. Na Jumapili hakuna kitu."

Mhandisi akaacha kutafuna. "Basi mbuzi huyo ameajiriwa."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Kesho yake asubuhi walikwenda na gari la ofisi. Wakaliegesha kando ya ghala la mbao, ng'ambo ya pili, wakavaa vizibao vyao vya kung'aa, wakasimama ukingoni. Kabla hata hawajauliza swali, jibu lilikuwa limewakodolea macho. Pale kwenye ukuta, mtu au watu walikuwa wamepanga matairi mabovu upande huu na upande ule, yakawa ngazi. Juu ya ukuta zege lilikuwa limesuguliwa na makalio ya watu mpaka likateleza kama kiti cha zamani. Na watu walikuwa wanavuka. Haikuwa mmojammoja wa kuiba njia. Ilikuwa foleni. Wanaume wenye mikoba ya zana, wanawake wenye ndoo na mafurushi, vijana wenye viatu mkononi. Walisimama, wakapima magari kwa macho, wakakimbia mpaka katikati, wakapanda, wakakaa juu ya ukuta kama ndege, wakashuka, wakakimbia tena.

"Mungu wangu," mhandisi akasema. Hakuwa na utani wowote. "Mungu wangu, hawa wote?"

Binti Nukta alikuwa anatazama kwingine. Alikuwa ameona futi ya kitambaa.

Futi hiyo ya njano ilikuwa ikining'inia shingoni mwa mwanamke mzee aliyekuwa akipanda matairi ya upande wa pili, kifurushi cha vitambaa kichwani, mkono mmoja kwenye zege na mwingine kwenye goti. Binti aliona jambo hilo kwa macho yake na akili ikalikataa. Yule hawezi kuwa mama. Mama yuko darajani, anapunga upepo, anatazama vilima.

Yule mwanamke akakaa juu ya ukuta, akavusha mguu wa kwanza, akavusha wa pili. Akatafuta tairi kwa unyayo. Goti likamsaliti. Akateleza mzima mzima na kuangukia barabarani, kwenye njia ya magari yendayo kasi, na kifurushi kikapasuka, vitambaa vikatapakaa lamini: vya bluu, vyeupe, sare za shule za watoto wa watu.

Lori lilikuwa linakuja.

Mlio wa zile breki Binti Nukta hakuwahi kuusikia maishani. Alikuwa ameziandika maelfu kwa maelfu, na hakuwahi kuisikia hata moja. Ilikuwa sauti ya chuma kinacholia kama mnyama, kisha moshi, kisha harufu ya mpira ulioungua. Alijirusha mbele, na mhandisi akamdaka kiunoni akamng'ang'ania, la sivyo angeingia mwenyewe chini ya gari lililofuata. Lori likaserereka, likapinda kidogo, likasimama. Kati ya bampa lake na mama palikuwa na nafasi ya kutandika kanga.

Hata magari ya nyuma yalikuwa yamesimama. Mlango wa lori ukafunguka, dereva akashuka, mwanamume mnene wa makamo, akatembea mpaka mbele ya gari lake. Akamtazama mama aliyekaa chini. Akafungua mdomo, akasema lile alilofundishwa tangu utoto kumwambia mkubwa:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu.

Basi dereva akakaa chini palepale barabarani, akajifunika uso, akalia kwa sauti.

Binti alipofika, alipiga magoti akamshika mama mabega, akampapasa mikono, miguu, kichwa. Hakuna kilichovunjika. Mama akamkodolea macho kana kwamba yeye ndiye aliyekutwa mahali pasipofaa.

"Wewe! Unatafuta nini barabarani saa hizi?"

"Mama..."

"Na hicho kizibao ni cha nini? Okota vitambaa, vitakanyagwa. Na usimwambie kaka yako."

Madereva wa nyuma wakaanza kupiga honi. Mhandisi aliokota sare moja baada ya nyingine huku machozi yakimlengalenga, akisema peke yake, "Nilichora ngazi. Nilichora ngazi nzuri kabisa."

Walimpeleka mama kwenye chumba chake cha kazi. Akaketi nyuma ya cherehani, akanywa maji, akavuta uzi tayari kuanza kazi. Binti akauzuia mkono wake.

"Mama, uliniambia unapita darajani."

"Nilipita."

"Lini?"

Mama akatazama chini. "Siku ya ufunguzi. Tulipewa na soda." Akalisugua goti. "Mwanangu, kutoka nyumbani mpaka lile daraja ni mwendo. Nikifika, kuna ngazi. Nikimaliza ngazi, nashuka ngazi. Nikishashuka, narudi huku nyuma mwendo uleule. Goti hili nikilipeleka kule asubuhi, halikanyagi cherehani mpaka adhuhuri."

"Kwa nini hukuniambia? Ulikuwa unaniambia habari za upepo! Vilima!"

"Ningekuambiaje?" Sauti ya mama ikapanda, naye akawa kama anayetaka kulia. "Kila jioni unaingia umejaa furaha. Daraja hivi, daraja vile, watu hawafi tena. Baba yako angekuwapo angejivuna mpaka mtaa ukamchoka. Mimi nije nikuambie kazi yako siwezi kuipanda?"

Binti akauachia ule mkono. Alitoka nje akasimama karibu na kibanda cha dobi, jirani wa mama, ambaye pasi yake ilikuwa baridi siku nyingi kwa kuwa mwenyewe alikuwa mgonjwa nyumbani, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hakuona chochote mbele yake. Masikioni breki ile ilikuwa bado inalia.

Takwimu za siku ile zilifika ofisini juma lililofuata. Alikuwa ameapa hataitafuta nukta ya lori lile, na alipoketi tu akaitafuta. Akaipata bila shida. Lori, njia ya kasi, asubuhi, mwendo mkali na mara mwendo hakuna. Nukta nyekundu. Akaigusa kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Haikuwa na futi ya njano. Haikuwa na sare za shule, wala dereva anayelia, wala shikamoo. Ilifanana kabisa na nukta ya juu yake na ya chini yake. Kama hii ni mama, na zile nyingine zote ni nani?

Akaanza kuzisoma moja moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa maana kazi yake ilikuwa kuzijumlisha. Na katika kuzisoma akakutana na moja iliyomsimamisha. Ilikuwa jioni ya mvua. Gari lilikuwa linafuta kioo. Gari dogo. Breki kali, kisha likasimama palepale, likakaa kitambo. Magari mawili ya nyuma yake yakapinda kukwepa kitu. Kisha lile gari dogo likaondoka kwa kasi kuliko lilivyokuja. Taarifa za polisi za siku hiyo hazikuwa na neno.

Jioni hiyo alimkuta mama nyumbani akishona vifungo.

"Mama, kuna siku ya mvua kubwa, kabla ya shule kufungwa. Pale ukutani palitokea nini?"

Sindano ikasimama hewani.

"Nani kakuambia?"

"Gari limeniambia."

Mama akaweka shati pajani polepole. Aliangalia mlango, kana kwamba kuna mtu anasikiliza.

"Ulidhani dobi aliteleza bafuni?"

Binti alihisi sakafu imeondoka. Alikuwa amekwenda kumjulia hali dobi huyo. Alimpelekea matunda. Alikaa kitandani pake, akamshika mkono, akamshauri anunue zulia la mpira la bafuni ili asiteleze tena. Na dobi alimshukuru, akasema, asante mwanangu, nitanunua.

"Aligongwa," mama akasema. "Yule mwenye gari alishuka, akatazama, akapanda akakimbia. Sisi tukambeba dobi kwa mkokoteni wa maji. Pale ukutani mmeandika atakayevuka ni mkosaji, atalipishwa faini. Mwanawe akaogopa. Polisi aende kusema nini, kwamba mama yake amevunjwa nyonga akifanya kosa? Wakasema bafuni. Na sisi sote tukasema bafuni."

"Lakini mimi nilimwuliza! Mimi!"

"Wewe ndiye mwenye ukuta, mwanangu."

Usiku huo hakula. Alilaza kichwa mezani, na mama hakumbembeleza, akamwacha.

Asubuhi aliingia kwa mkuu wa kitengo bila kubisha. Mkuu alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba, na kwenye ukuta nyuma yake ilikuwa inang'aa picha yenye neno moja kubwa: SUFURI.

"Itoe hiyo, mkubwa," akasema. "Si kweli."

Mkuu akacheka kwanza, kwa mazoea. "Si kweli vipi? Wewe ndiye uliyeandika."

"Niliandika walichoandika polisi. Kuna mtu kavunjika nyonga pale, hayumo. Na breki hazijapungua kama tulivyodhani. Kwingine kote zimepungua, hilo nitalisema kwa sauti. Lakini pale katikati zimerundikana, kwa sababu pale ndipo watu wanapokwenda kazini, na sisi tumewafungia njia."

"Breki ni breki tu, binti. Una hakika gani kwamba hizo nukta ni watu?"

"Moja ni mama yangu mzazi."

Mkuu wa kitengo akabaki mdomo wazi. Kicheko kilikuwa bado kimemganda usoni, hakijui pa kwenda. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale, Binti Nukta alimwona akikaa kitini bila kupanga tai.

Mkuu hakuamini, na Binti Nukta hakumlaumu kwa kutoamini. Hata yeye aliyeona hakuamini. Kwa hiyo mkuu alikwenda mwenyewe kesho yake, peke yake, na gari lake. Aliporudi uso ulikuwa umesawijika. Hakuketi. Akasimama katikati ya chumba kile chenye meza nyingi, watu wote wakamtazama.

"Nimeona mtoto mchanga," akasema. "Ameshikwa na mtu upande huu wa ukuta, akapokewa na mtu upande ule. Kama kifurushi. Magari yanapita huku na huku." Akatikisa kichwa. "Na yule mtoto alikuwa amelala. Mmenisikia? Amelala. Amezoea."

Wageni walipokuja walipewa chai, kama ilivyopangwa, na baadaye walipewa Binti Nukta. Alisimama mbele yao, miwani ikimteleza, akaonyesha barabara nzima ilivyopona na lile doa katikati yake. Akaeleza jinsi sufuri ya polisi ilivyokuwa sufuri ya watu wasiothubutu kusema. Hakumtaja mama yake wala dobi. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Mgeni mmoja wa mstari wa mbele, bibi mmoja mwenye kitambaa cha kichwa cha zambarau, akashika shavu.

"Sisi kwetu," akasema kwa sauti ndogo, "zege tumeshaagiza."

Haikuwa kazi ya siku mbili. Kulikuwa na waliosema kwamba kuufungua ukuta ni kuwazawadia wakosaji. Kulikuwa na aliyependekeza ukuta uongezwe kimo, na mhandisi alimwuliza kama anataka na miguu ya watu iongezwe. Wakati wa kusubiri, waliweka walinzi wenye bendera asubuhi na jioni, na mama alihamishia cherehani nyumbani kwa shinikizo la watoto wake wote wawili, maana kaka alikuwa ameshasikia, na mama alinuna kama mtoto aliyenyimwa kwenda kucheza.

Hatimaye ukuta ukakatwa pale pale palipokuwa na matairi. Ikawekwa njia pana iliyoinuliwa, taa za kusimamisha magari, na kisiwa cha katikati cha mtu kupumzikia. Kabla ya hapo, barabarani, wakaweka matuta madogo ya kutikisa gari. Miezi ya kwanza Binti Nukta hakupata usingizi mzuri, kwa kuwa nukta hazikutoweka. Zilisogea nyuma kidogo: madereva wasioijua taa walikuwa wanashtuka dakika ya mwisho, na magari mawili yalibusana matako. Wakayasogeza matuta mbali zaidi, wakaongeza kibao. Ndipo breki zikaanza kubadilika sura. Hazikuwa tena za mshtuko. Zilianza mbali, zikapungua taratibu, kama mtu anayekaribia mlango wa nyumba anayoifahamu.

Dobi naye, siku alipoweza kutembea kwa mkongojo, alishikwa mkono na mkwewe wakaenda kituo cha polisi. Askari wa zamu akaandika, akasimama, akauliza kwa nini wamekuja baada ya muda wote huo. Mkwe akasema walikuwa wanaogopa faini. Askari akainua macho, akatazama mkongojo, akatazama mwanamke, na kalamu ikamwanguka. Akaiokota, akaandika. Lile gari dogo halijapatikana mpaka leo, na dobi bado anachechemea.

Mama alirudi kazini asubuhi ya kwanza baada ya taa kuwashwa. Binti alimsindikiza mpaka ukingoni, kisha mama akamfukuza, akisema yeye si mwanafunzi wa chekechea. Binti akajifanya anakwenda, akasimama nyuma ya nguzo.

Alimwona mama akibonyeza kile kitufe kwa kidole kimoja, kama anayegusa pasi kuona kama imeshika moto. Taa ikageuka. Malori, mabasi, magari madogo, yote yakapunguza mwendo, yote yakasimama, safu kwa safu, injini zikinguruma taratibu. Njia ikawa wazi. Wenzake wakaanza kuvuka.

Mama hakuondoka. Alisimama ukingoni, kifurushi kichwani, akiyatazama yale magari kwa hofu kubwa kuliko alivyowahi kuyatazama yakikimbia. Akamgeukia kijana aliyekuwa karibu naye.

"Wana nini hawa?" akauliza.

"Wanakungoja, mama. Vuka."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe."

Basi akavuka. Njia ilikuwa bado ni yao na muda ulikuwa tele, lakini alivuka mbio, mkono mmoja gotini, kama alivyozoea.